SWICHI IMEZIMWA, UMEME UMEBAKI



Mwezi Novemba 2019 mjini Juba kilizinduliwa kituo cha kufua umeme chenye uwezo wa megawati 33. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, maduka, ofisi na nyumba za mji huo zilitegemea zaidi jenereta za watu binafsi. Umeme wa nguzo za mtaani na wa jenereta ya uani ni wa aina moja: mkondo geu wa volti 230, hezi 50. Na kwa fundi anayeufanyia kazi, hatari ni moja.

Mtu akisikia volti 230 hudhani umeme umetulia hapo. Sivyo. Hicho ni kipimo cha kazi ambayo umeme huo waweza kufanya. Ndani ya waya volti hupanda kutoka sifuri hadi 325, hushuka hadi sifuri, hugeukia upande wa pili hadi 325, kisha hurudi. Mzunguko huo wote hufanyika mara 50 kila sekunde. Ndiyo maana jenereta yenye ncha nne za sumaku huzungushwa mara 1,500 kwa dakika.

Je, volti hubadilika kwa kasi gani? Wanahisabati hupata jibu kwa hesabu iitwayo derivativi. Volti ya wakati wowote ni 325 mara sini ya 314t. Hapo t ni muda kwa sekunde, na 314 ni mara mbili ya pai, mara 50. Derivativi yake ni 325 mara 314 mara kosini ya 314t. Volti inapopita sifuri, kosini ni 1, na kasi hufika volti 102,000 kwa sekunde. Yaani volti 102 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Volti ifikapo kileleni, kosini ni sifuri: badiliko limesimama kitambo, kama jiwe lililorushwa juu kabla halijaanza kuanguka.

Hesabu hii yamhusu nini mwenye bisibisi mkononi? Yamhusu kwa sababu ya kapasita. Mkondo wa kapasita hufuata kasi ya badiliko la volti, si ukubwa wa volti. Kapasita ya mikrofaradi 50 kwenye mota hupitisha ampea 5 hivi volti inapopita sifuri, na haipitishi kitu volti ikiwa 325.

Sasa tuangalie swichi. Inapofunguliwa, cheche huendelea mpaka mkondo ufike sifuri, ndipo hukatika. Lakini kwa kapasita, mkondo ukiwa sifuri volti iko kileleni! Kwa hiyo, isipokuwa na njia ya kujimwaga, kapasita hubaki imejaa volti 325 hivi. Kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400, yaweza kubaki na 566. Swichi imezimwa, lakini umeme unamngoja fundi.

Tena umeme uliobaki si mkondo geu, ni mkondo mnyoofu. Mita iliyowekwa upande wa mkondo geu yaweza kuonyesha sifuri, na fundi akaguswa na kifo huku akiamini amepima.

Basi utaratibu ni huu: zima, funga swichi kwa kufuli, subiri, mwaga kapasita kwa rezista ifaayo, si kwa kugusanisha ncha kwa bisibisi, kisha pima kwa mita iliyowekwa upande wa mkondo mnyoofu.

Lakini utaratibu bila vifaa ni maneno matupu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wafanyakazi na wawakilishi wao wapewe mafunzo yafaayo ya usalama na afya kazini, na kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo kufuli, rezista, mita na mafunzo ni wajibu wa mwajiri, wala si hisani yake.

Kila tawi na liulize swali hili katika mkutano wake ujao: vifaa hivyo viko wapi? Na mafundi tusikubali kuambiwa kwamba hesabu ni ya wahandisi peke yao. Anayeshika waya ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua kilichomo ndani yake.