Kuilinda Kompyuta Inapounganishwa na Saketi za Mota za Mashine ya CNC Iliyoundwa Nyumbani

1.0 Utangulizi

Mashine ya CNC ni mashine ya kukata, kutoboa au kuchonga ambayo mienendo yake huongozwa na kompyuta. Wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa karakana ndogo huiunda wenyewe kwa kutumia mota za hatua na kompyuta kuukuu yenye mlango sambamba, yaani ule wenye pini 25 uliokuwa ukitumiwa na printa. Programu huria kama LinuxCNC, ambayo chimbuko lake ni mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutuma mipigo ya umeme moja kwa moja kupitia mlango huo.

Muungano huo unakutanisha pande mbili zisizolingana. Upande wa kompyuta una saketi za volti 5 zinazomudu miliampia chache tu. Upande wa mota una ugavi wa volti 24 hadi 48 na mikondo ya ampia kadhaa. Kosa moja la uungaji laweza kuunguza ubaomama, na hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa hazina tena mlango wa aina hiyo. Makala hii inafafanua njia ambazo umeme wa mota huifikia kompyuta, namna ya kuzifunga, na kosa linaloweza kuufuta ulinzi uliokwisha kuwekwa.

2.0 Njia Zinazopitisha Madhara

Njia ya kwanza ni kuharibika kwa transista za nguvu ndani ya kiendeshi cha mota. Transista ya aina hii inapoungua, mara nyingi miguu yake huungana ndani kwa ndani. Iwapo mguu wa kupokea ishara umeungwa moja kwa moja na pini ya kompyuta, volti 36 za mota hurudi kupitia waya uleule uliokuwa ukileta ishara ya volti 5.

Njia ya pili ni waya hasi unaotumiwa na pande zote mbili. Mkondo wa ampia 3 ukipita katika waya wenye ukinzani wa omu 0.1, hutokea tofauti ya volti 0.3 kati ya ncha zake. Kwa kuwa saketi za mantiki za TTL huhesabu ishara kuwa ya chini pale tu inapokuwa pungufu ya volti 0.8, tofauti hiyo hula sehemu kubwa ya nafasi ya usalama. Hatari huzidi pale waya hasi mkuu unapolegea: mkondo wote wa mota hutafuta njia ya kurudi, na njia iliyobaki ni nyaya nyembamba za kebo ya kompyuta.

Njia ya tatu ni nishati iliyohifadhiwa katika koili za mota. Waya wa mota unapochomolewa wakati mkondo unapita, koili huzalisha volteji kubwa ya ghafla. Vilevile, mota inayozungushwa kwa mkono hugeuka kuwa jenereta. Matukio haya huua kiendeshi kwanza, kisha kiendeshi kilichokufa huifungua njia ya kwanza iliyoelezwa hapo juu.

3.0 Kutenganisha kwa Nuru

Kinga inayotumika zaidi ni optokapla, kifaa chenye daiodi inayotoa nuru upande mmoja na kipokezi cha nuru upande wa pili. Ishara huvuka kama nuru. Hakuna waya unaovuka. Optokapla ya PC817, kwa mfano, hustahimili tofauti ya volti 5,000 kati ya pande zake.

Hata hivyo, uteuzi wa optokapla hutegemea kasi ya ishara. Chukua mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8, na skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, mota huzunguka mara 10 kwa sekunde na huhitaji mipigo 16,000 kwa sekunde. Kila mpigo waweza kudumu mikrosekunde 5 tu. PC817 katika saketi ya kawaida huchelewa kuzima kwa mikrosekunde kadhaa au zaidi, hivyo mipigo huharibika, hatua hupotea na kifaa kinachochongwa hutoka na vipimo visivyo sahihi. Kwa ishara za hatua na mwelekeo hufaa optokapla ya kasi kama 6N137, ambayo huchelewa kwa chini ya nanosekunde 100. PC817 hubaki kwa ishara za polepole, kama zile za swichi.

Daiodi ya optokapla huhitaji rezista ya kupunguza mkondo. Ikiwa ishara ni ya volti 5 na daiodi hutumia takribani volti 1.5, rezista ya omu 390 hupitisha karibu miliampia 9. Kwa kuwa si kila mlango sambamba unamudu mkondo huo, inashauriwa kutanguliza chipu ya kati, kama 74HCT14, iliyochomekwa kwenye soketi. Likitokea kosa upande huo, chipu hiyo ya bei nafuu huungua badala ya ubaomama, na hubadilishwa bila kuyeyusha risasi.

4.0 Kosa Linalofuta Ulinzi

Optokapla ya 6N137 huhitaji volti 5 upande wa mota pia. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: volti hizo hupatikana kwa urahisi kwenye mlango wa USB wa kompyuta. Fundi anapozichukua, waya chanya na waya hasi wa kompyuta huwa vimefika upande wa mota, na optokapla hubaki kuwa pambo. Matokeo ni yaleyale pale waya hasi za pande mbili zinapounganishwa kwenye bodi kwa nia ya "kusawazisha" saketi.

Kwa hiyo, upande wa mota sharti uwe na ugavi wake wa volti 5, unaotokana na ugavi wa mota au transfoma ya pekee. Kanuni hii isichanganywe na waya wa ardhi wa usalama. Kasha la kompyuta na fremu ya mashine lazima vibaki vimeungwa na ardhi ya jengo, kwani waya huo hulinda uhai wa mtumiaji na haukatwi kwa sababu yoyote.

5.0 Swichi za Kikomo na Kusimamisha kwa Dharura

Nyaya ndefu za swichi za kikomo hunasa kelele za umeme kutoka mota ya kukatia. Ni vema ziendeshwe kwa volti 12 au 24 za upande wa mashine na kuingia kwenye kompyuta kupitia optokapla. Kitufe cha dharura, kwa upande wake, kikate umeme wa mota chenyewe. Kompyuta ipewe taarifa tu. Pini za mlango sambamba hubadilika hali ovyo kompyuta inapowaka, hivyo usalama hauwezi kuachiwa programu pekee.

6.0 Utaratibu wa Majaribio

Kabla ya kebo kuchomekwa, plagi zote zichomolewe, kisha multimita ipime ukinzani kati ya waya hasi wa upande wa kompyuta na ule wa upande wa mota. Multimita isionyeshe muunganiko wowote. Kipimo hicho kirudiwe kwa waya chanya. Baada ya hapo, ugavi wa mota uwashwe bila kompyuta, na volteji ipimwe kwenye kila pini ya kebo. Volti yoyote inayotoka upande wa mota ni dalili kwamba kuna njia iliyosahauliwa. Kompyuta huunganishwa mwisho, na mota hazichomolewi kamwe umeme ukiwapo.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kuwapo kwa optokapla kwenye bodi hakutoshi kuthibitisha kuwa kompyuta iko salama. Kinachothibitisha ni kipimo kinachoonyesha kwamba hakuna waya unaounganisha saketi za pande mbili. Kipimo hicho huchukua dakika chache na huhitaji multimita ya kawaida, ilhali kukipuuza kwaweza kugharimu kompyuta nzima.