Chombo Kinachojua Kungoja

Msomaji wetu wa Likasi, Kongo, anauliza: watoto wa upande wa Shinkolobwe, wanaokaa mbali na shule, wafundishwe kwa chombo gani? WhatsApp, tableti au redio? Swali lina uzito. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani, ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na mwaka huohuo makazi ya wachimbaji wadogo yakabomolewa. Familia zinazofuata madini huhama, shule haihami nazo.

Bei ya mega na shida ya umeme kila mtu anazijua. Mimi naanza na jambo moja: je, chombo hicho kinamngoja mtoto ajibu?

Mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza mradi wa kufundisha hesabu kwa redio huko Nicaragua. Sauti inauliza, "Saba ukijumlisha tano ni ngapi?" Kisha kimya. Darasa zima linajibu kwa sauti. Ndipo redio inasema, "Kumi na mbili." Vipindi vilijaribiwa kwanza mbele ya watoto, maana kimya kikiwa kifupi mno wale wepesi peke yao ndio huwahi kujibu, na kikizidi darasa linaanza kupiga soga. Miaka ya 1980 Kenya ilifundisha Kiingereza kwa njia hiyo katika madarasa ya mwanzo, na baadaye Zanzibar ikawa na Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo.

Kimya hicho kinastahili jina lake. "Mapumziko" hayafai, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapofanya kazi kuliko wakati wote. "Kimya" hakitoshi, kwani hata redio iliyoisha betri iko kimya. Napendekeza kingojeo.

Wazee wetu walikijua kingojeo katika vitendawili. Mtegaji anatega, halafu ananyamaza. Wasikilizaji wanahangaika, huyu anajaribu hili, yule lile. Jibu halitoki bure: mkishindwa, mpeni mji kwanza. Ndiyo maana jibu la kitendawili kilichokutoa jasho utotoni bado unalo mpaka leo. Lakini mtegaji akitaja fumbo na jibu kwa pumzi moja, hakuna aliyehangaika, na kesho hakuna atakayekumbuka. Video nyingi za masomo hutega na kutegua kwa pumzi moja namna hiyo.

Akili inapolisaka jibu, njia ya kulifikia inaimarika. Kusikia tu hakuijengi njia hiyo kwa kiasi hicho. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Waliojipima bila kukitazama walikumbuka, baada ya wiki moja, kiasi cha asilimia 56. Waliokirudia kukisoma, asilimia 42. Naye mtafiti Mary Budd Rowe alikuta walimu wa Marekani wakingoja jibu kwa sekunde moja hivi. Walipongoja sekunde tatu, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Mwaka 2020, Kongo ilipofunga shule kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kwa jina la Okapi École. Kwa Shinkolobwe nami nachagua redio: masomo ya Kiswahili yenye vingojeo, yawekwe pia kwenye kadi ya memori ili familia ihame nayo. Redio haisikii kosa, basi kaka au dada mkubwa akae karibu. Simu ya vitufe nayo isaidie: herufi 160 za SMS zinatosha swali moja, na jibu likarudi kwa mwalimu. WhatsApp iwe ya walimu kushauriana.

Akija mtu na tableti, mwambie afungue somo moja mbele yako. Kwa dakika tano hesabu mtoto ameulizwa mara ngapi, na amepewa sekunde ngapi za kujibu. Kama hakuulizwa hata mara moja, usinunue.