Kabla Hujambeba Mtoto, Kifua Chako Kikoje?

Mmeshuka basi Nyololo Njia Panda, kule Mufindi, na mtoto wenu wa wiki 3. Baridi kali, ukungu umetanda, ndugu wamejaa sebuleni. "Kamwene!" Kila mtu anataka kumbeba. Babu naye kanyoosha mikono, ila anakohoa tangu mwezi uliopita. Utamwambiaje?

Mwambie ukweli, tena kwa heshima. Kikohozi cha mtu mzima kisichoisha chaweza kuwa kifaduro. Yeye anakunywa tangawizi, maisha yanaendelea. Kwa kichanga ni balaa! Wengine hata hawakohoi. Pumzi inakatika tu, midomo inageuka bluu.

Tatizo liko hapa. Tanzania, mtoto huanza chanjo yenye kinga ya kifaduro akifikisha wiki 6, kisha 10 na 14. Kabla ya hapo anawategemea ninyi wakubwa. Na ile chanjo mliyochomwa utotoni, nguvu yake imeshapungua.

Wenzetu je? Katikati ya miaka ya 2000 Marekani ilianza kuhimiza watu wazima wanaomzunguka mtoto wachanjwe. Lakini kuwapata wajomba na mashangazi wote si mchezo. Oktoba 2012, Uingereza ikaanza kuchanja wajawazito, ili mtoto azaliwe na kinga ya mama. Njia hii ndiyo inayomlinda zaidi.

Kwetu, sindano ya kawaida ya wajawazito kliniki ni ya pepopunda na dondakoo, kifaduro hakimo. Kwa hiyo muulizeni daktari mapema kama chanjo ya kifaduro ya watu wazima inapatikana. Mama huchomwa kati ya wiki ya 27 na 36 ya ujauzito. Wengine angalau wiki 2 kabla ya kumshika mtoto.

Isipopatikana? Baba, hapo kazi ni yako. Piga simu kijijini kabla ya safari: nani anakohoa? Ni wazazi wako, ongea nao wewe, usimwachie mkeo aonekane anaringa. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kipimwe zahanati, maana chaweza kuwa hata kifua kikuu. Kifaduro kina dawa, ila mgonjwa akae mbali na mtoto kwanza. Na tarehe ya wiki 6 kwenye kadi ya kliniki isipite.

Babu atambeba tu. Mjukuu hakimbii.