Mechi ya kirafiki bila mpira: Siku ya kuwania kapu na wanaklabu wenzako

UKISIKIA "mechi ya kirafiki" akili yako inakimbia Kasarani au Nyayo, Harambee Stars ikipimana nguvu na wageni. Hii ninayokupeleka leo haina goli wala refa wa kukimbia huku na kule, na ukipiga mayowe wenzako watakufukuza. Ni shindano la kuvua kwa ndoano: watu kumi na wawili wa klabu moja, bwawa moja, saa tano. Anayewaniwa ni kapu.

Tulia, sisemi lile kapu la mama mboga. Kapu ni samaki mnene mwenye rangi ya shaba, magamba makubwa kama sarafu na sharubu nne mdomoni. Waingereza wamemsaka kwa karne nyingi. Izaak Walton alimsifu kwa ujanja katika kitabu chake cha uvuvi kilichotoka 1653. Sheria nyingi za mechi hizi zimetoka huko, ambako vilabu vidogo vya mtaa hukutana wikendi kandokando ya mabwawa, watu wenye thermos na miavuli. Huku kwetu, ukimjua kapu basi umemjulia Naivasha au mabwawa ya Mto Tana kama Masinga. Pengine umemla kwa kibanda bila kuuliza jina.

Sasa, ukialikwa, usitarajie kulala. Gari linatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, na likitoka limetoka. Ndani utampata fundi wa simu, mwalimu wa chekechea, kondakta wa matatu aliyeomba siku ya mapumziko, wanafunzi wawili wa chuo wanaosinzia, na mzee mmoja mstaafu ambaye kila mtu anamwita Guka, hata wasio Wakikuyu. Mnaelekea bwawa la shamba moja la kahawa mbele ya Thika. Mwenyewe anawaruhusu kwa ada ya siku, mradi msiache takataka na msiguse miche yake.

Kwa nini si Naivasha, ambako kapu ni wengi zaidi? Viboko. Mechi hii inataka ukae mahali pamoja saa tano ukingoni, macho kwenye boya, na hiyo si tabia ya kuonyesha karibu na kiboko. Masinga nako kuna mamba. Isitoshe, kwenye maji ya umma unahitaji leseni ya uvuvi wa michezo, si kufika tu na ufito begani.

Mkifika, kitu cha kwanza si kuvua bali kura. Kando ya bwawa kuna vigingi vilivyopigwa nambari, moja hadi kumi na mbili, hatua kama kumi na tano kati ya kimoja na kingine. Nambari zinaandikwa kwenye vipande vya karatasi, zinatiwa kwenye kofia ya Guka, na kila mtu anachota. Ukichota nne, unakaa nne. Hakuna kubadilishana wala "mimi ndiye nilileta gari". Kigingi kinaweza kukumaliza kabla hujafungua begi, maana samaki hawajagawanywa sawasawa kama viti vya SGR. Wale waliozoea utawaona wanaangalia upepo kwanza. Upepo ukipiga upande mmoja tangu jana, unasukuma maji ya juu yenye joto pamoja na vijidudu hadi ukingo ule, na kapu anafuata chakula. Atakayechota kigingi cha upande huo ananyamaza kimya, lakini tabasamu linamsaliti.

Kabla ya firimbi una saa moja ya kujitayarisha, na hapa ndipo mechi nyingi huamuliwa. Unafunga chubwi kwenye ndoano na kulishusha chini ili kupima kina. Boya likizama kabisa, unalisogeza juu kwenye mshipi. Likilala, unalishusha, hadi ncha yake tu ibaki inachungulia. Kwa nini usumbuke hivyo? Kwa sababu kapu hula sakafuni. Anafyonza tope, anachambua mdomoni, anatema asichokitaka. Chambo kikining'inia nusu mita juu ya kichwa chake, anaweza kupita chini yake asubuhi nzima.

Kisha chambo chenyewe. Wenye pesa huleta vidonge vya dukani vyenye harufu ya stroberi. Wengi wetu tunaleta mahindi yaliyochemshwa hadi yakalainika, minyoo, na ugali mgumu uliokandwa na maziwa ya unga. Ndiyo, ugali. Kapu hana ubaguzi wa kitabaka. Ila ana jambo moja ambalo ukilielewa umeelewa nusu ya mchezo: hana tumbo. Simaanishi hana njaa. Hana ule mfuko wa kuhifadhia chakula kama tulio nao sisi. Chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hivyo hula kidogo kidogo, mara kwa mara. Mgeni humwaga nusu kilo ya mahindi mara moja akidhani anawaita samaki. Mwenye kujua anatupa punje sita, saba, anangoja, anatupa tena pale pale. Mahali ni muhimu kuliko wingi.

Meno anayo, lakini yako kooni, ndipo anapopondea punje. Midomo ni minene na laini, inahisi kila kitu, na chuma akikihisi anakitema kabla boya halijatikisika. Ndiyo maana karibu 1980 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walikuja na ujanja wa kutoboa chambo na kukifunga kwa uzi mwembamba chini ya ndoano, badala ya kukichomeka kwenye ndoano yenyewe. Kapu anafyonza chambo, ndoano tupu inafuata, na akijaribu kutema inamkamata mdomoni. Mwanzoni walitumia unywele wa binadamu. Sasa kila mvulana wa YouTube anajua kuufunga.

Saa mbili kamili, firimbi. Halafu kimya.

Kimya hiki ndicho kinachowashinda vijana wengi wanaokuja mara ya kwanza. Simu hazikatazwi, lakini hatua za mguu husikika majini kupitia udongo, na kiti kikikwaruza mawe samaki wote wa mbele yako wanajua umefika. Dakika ishirini za kwanza unajiuliza ulifuata nini huku. Unahesabu mbegamaji. Unakumbuka ujumbe ambao hukujibu. Kisha taratibu jicho linaanza kuona: vipovu vidogo vidogo vikipanda kwa mstari, maji yakigeuka rangi ya chai mahali fulani. Huyo ni yeye anachimba. Mkono unakuwa mzito. Boya linatikisika, linasimama, linaegemea upande, halafu halipo.

Hapo usivute kama unang'oa muhogo. Inua ufito tu, imara, uhisi uzito. Kapu wa kilo tatu hukimbia kuelekea matete kama bodaboda aliyeona askari, na ukiwa umefunga breki ya gurudumu la mshipi hadi mwisho, mshipi unakatika na anabaki na chuma chako mdomoni. Iache ilie. Mpe mshipi, urudishe, mpe, urudishe. Akichoka analala ubavu na ndipo unamwingiza wavuni, kichwa kwanza. Unalowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ute ule unaoteleza ndio ngozi yake ya kinga. Mkono mkavu unaubandua. Unamwondoa ndoano juu ya mkeka uliolowa, si juu ya changarawe. Kisha anaingia kwenye wavu mrefu wa kuhifadhia, ulio ndani ya maji, kivulini, kungoja mizani.

Katika mechi ya Jumamosi iliyopita, kondakta alikuwa kigingi cha pili na alinasa wadogo tu, mmoja baada ya mwingine, kama abiria wa stage. Mwanafunzi mmoja alikaa saa nne bila hata mtikisiko. Nne! Kisha saa sita na nusu akamnasa mmoja wa kilo nne na gramu mia mbili, mikono ikimtetemeka hadi jirani yake wa kigingi akaacha ufito wake na kuja kumshikia wavu. Huyo jirani alikuwa anashindana naye. Hiyo ndiyo maana ya neno kirafiki: unataka kumshinda, lakini si kwa samaki aliyempotea kwa kukosa mkono wa pili.

Saa saba, firimbi ya mwisho. Mizani inaning'inizwa mtini, mfuko wa kupimia unaloweshwa na kupimwa mtupu ili uzito wake utolewe. Watu wawili wanasoma, wa tatu anaandika, na mwenye samaki haruhusiwi kushika daftari. Mwalimu wa chekechea: kilo tisa na gramu mia sita. Fundi wa simu: kilo tisa na gramu mia tisa. Makofi, kelele za kwanza za siku nzima. Halafu fundi mwenyewe akakohoa.

"Mmoja wangu alinaswa kwenye pezi," akasema. "Si mdomoni."

Kwa sheria za klabu hii samaki wa namna hiyo hahesabiwi. Hakuna aliyemwona. Kigingi chake kilikuwa nyuma ya matete. Aliyetolewa alikuwa wa kilo moja na nusu, na kiti cha kwanza kikahamia kwa mwalimu pamoja na mfuko wa mchango: Sh200 kila mtu, jumla Sh2,400. Mwalimu alitaka kugawana. Fundi akakataa kabisa. "Teacher, chukua pesa yako. Nitakuja kuifuata mwezi ujao."

Nimewahi kuona watu wakipoteza mara kumi ya hiyo kwa simu, kwenye mechi za nchi ambazo hawawezi kuzionyesha ramanini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukohoa hivyo.

Lakini mabishano makubwa yalikuwa hayajaja. Huko Uingereza baada ya mizani samaki wote hurudishwa majini wazima. Mweleze shosho yako kwamba umeamka alfajiri, ukapanda gari, ukakaa juani saa tano, ukamshika samaki wa kilo nne na ukamwachilia aende. Atakuuliza kama umelogwa. Ndani ya klabu hili halijaisha. Kuna kundi la "rudisha", linalosema leo umemtoa kesho utavua nini. Kuna kundi la "pika". Mwenye shamba alimaliza sehemu ya ubishi kwa kuruhusu wawili tu kila mechi, wanunuliwe kwa kilo, wengine warudi.

Kisha mwanafunzi yule wa kilo nne akaja na wazo la tatu. Babake ana bwawa dogo kijijini, linalomwagika kwenye kijito mvua ikinyesha. Akaomba kapu watano wadogo, wazima, awabebe kwa ndoo. Watano tu, akasema, wazaliane.

Guka, ambaye hupenda utani, hakucheka. "Kijana, Naivasha unaijua?"

Na hapa mimi niko upande wa Guka bila kupepesa. Kapu si wa Naivasha kwa asili. Aliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa njia ya Mto Malewa, bila mtu kupanga, na ndani ya muongo mmoja ndiye aliyekuwa akijaza nyavu za wavuvi. Waliokuwa hawana samaki walimshangilia, na haki yao, kwa sababu amelisha watu na kulipa karo. Lakini samaki anayechimba tope kutwa anavuruga maji, anang'oa mimea ya chini na kuharibu mahali pa wengine kutagia. Jike kubwa hutaga mayai mamia ya maelfu kwa msimu. Akishaingia kwenye mto, hakuna kumwita arudi. Ndoo moja na kijito kimoja vinatosha. Na kuhamisha samaki wa kigeni kutoka maji haya hadi yale bila kibali cha wahusika wa uvuvi ni kuvunja sheria, hata kama bwawa ni la baba.

Kijana alinuna. Alisema watu wa mjini huongea juu ya mito ilhali kijijini watoto wanataka protini, na hakuna aliyekuwa na jibu fupi kwa hilo. Guka alimwambia amwite afisa wa uvuvi wa kaunti alione lile bwawa na kumweleza samaki gani anafaa kuwekwa. Wakabadilishana nambari za simu. Sijui kama atapiga. Ndoo ilirudi garini tupu, na tuliiangalia wote, nikiwemo mimi.

Wawili walionunuliwa walikaangwa pale pale kwa mkaa wa mlinzi. Ukitaka kujaribu, jua kwamba kapu ana vimifupa vyembamba vya umbo la herufi Y vilivyojificha ndani ya mnofu. Mkate ubavuni mikato mingi iliyokaribiana, hadi usikie kisu kinagusa mifupa, pakaa chumvi, ndimu na tangawizi, mwache nusu saa, kisha mtumbukize kwenye mafuta mengi yaliyochemka vizuri. Mafuta yanaingia kwenye mikato na vile vimifupa vinalainika. Kundi la "rudisha" lilikula kuliko wote.