Zabibu Changa Huwahi Kujikinga

Katika mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, mkoani Dodoma, ugonjwa wa fangasi uitwao ubwiri unga hausubiri mvua. Magonjwa mengi ya fangasi hutaka jani lilowe kwanza. Huu hutosheka na unyevu wa hewani na kivuli cha mzabibu uliosongamana matawi. Ndiyo maana hata Dodoma, nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua, haijasalimika nao. Mkulima huuona kama unga mweupe juu ya majani na vichala, kisha punje hupasuka hadi mbegu zikaonekana, na mara nyingi hapo ndipo anapokimbilia salfa. Lakini kwa punje zile amechelewa. Ngozi iliyoshambuliwa ikiwa changa hudumaa, huku nyama ya ndani ikiendelea kunenepa mpaka ngozi inashindwa kuihimili. Mpasuko wa leo ni ugonjwa ulioingia wiki nyingi nyuma.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliambukiza punje za umri mbalimbali kwa makusudi. Zilizotoka kwenye ua hivi karibuni ziliugua vibaya. Zile za wiki tatu hadi nne baada ya maua, bado ngumu, za kijani na chachu, karibu zote zilikataa kuugua. Spora, yaani mbegu za fangasi zilizo laini kama vumbi, zilitua juu ya ngozi, zikaota, zikajiandaa kutoboa, zikakwama palepale. Na hizo zilikuwa zabibu za kawaida kama Chardonnay, ambazo hatuzihesabu kuwa na ukinzani. Kinga imo ndani ya vinasaba vya mzabibu wenyewe, ila huamka punje ikifikia umri fulani. Basi salfa ya thamani kubwa ni ile inayopulizwa tangu maua yakaribie kuchanua hadi wiki nne hivi baadaye, wakati punje haijaweza kujitetea. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kipindi hicho cha hatari nacho huja mara mbili.

Mkulima anaweza kuuliza: nikiacha kupuliza baada ya hapo, majani si yatakwisha? Ana haki ya kuuliza. Majani machanga na vikonyo vya kichala hubaki hatarini punje zikiwa zimeshapona, na fangasi aliyestawi humo ndiye atakayengoja maua ya msimu ujao. Sisemi dawa iachwe. Nasema isiwe haba pale inapohitajika kuliko wakati wowote. Tena kinga hii haizuii kila adui. Ukungu wa kijivu, ugonjwa mwingine wa fangasi, hufuata njia ya kinyume: punje changa huuzuia, ila sukari ikipanda na ngozi ikilainika, nao hupata nafasi ya kuozesha kichala kizima.

Wengine watasema dawa ya kweli ni mbegu kinzani. Nami natamani zije. Watafiti wa Ufaransa walichukua kinasaba kiitwacho Run1 kutoka zabibu mwitu ya Marekani, wakakiingiza katika mizabibu ya kawaida kwa kuichavusha kizazi baada ya kizazi, na kinalinda jani na punje katika kila umri. Hata hivyo, huko Marekani, ambako ubwiri unga ulitoka kabla ya kuonekana Uingereza mwaka 1845, wameshapatikana fangasi wanaokipita kinasaba hicho. Anayetegemea kufuli moja asishangae mwizi akipata ufunguo. Mbegu kinzani itadumu zaidi ikisaidiwa na matawi yaliyopunguzwa ili hewa ipite, na salfa iliyopulizwa kwa wakati wake, asubuhi au jioni, kwa sababu kwenye joto kali huunguza majani.

Mkulima wa zabibu, usingoje kuona unga. Andika tarehe ya ua la kwanza kuchanua shambani mwako, na wiki nne zinazofuata usikose kupuliza salfa.