Fahamu: Petroli au dizeli kwa pikapu?

EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya zinapotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mnunuzi wa pikapu huelekea kulinganisha bei ya lita, ilhali tofauti kubwa zaidi imo ndani ya injini. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli hukandamiza hewa hadi ipate joto la kuyawasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Mgandamizo huo, pamoja na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi ndani, huipa dizeli nguvu kubwa ya kuvuta hata injini inapozunguka polepole: katika Toyota Hilux, dizeli ya lita 2.8 hufikia nyutoni-mita 500, petroli ya lita 2.7 takriban 245. Kwa anayepandisha magunia ya viazi milima ya Mbeya, mjadala karibu umekwisha. Hata hivyo, nozeli na pampu za dizeli ni ghali na huharibiwa upesi na mafuta machafu, na chujio la masizi la magari mapya huziba kwa safari fupi za mjini, ambako petroli hutosha kabisa.