Sarafu za Dhahabu Zilizogongwa Mara ya Pili

Mtu aonyeshwapo kwa mara ya kwanza sarafu ya dhahabu ya karne ya 18 iliyotobolewa katikati, ikazibwa kwa kipande kingine cha dhahabu na kugongwa herufi juu ya uso wa mfalme, huenda akadhani imeharibiwa. Kumbe wakusanyaji wa sarafu za kale huzitafuta hizo kwa shauku kubwa.

Nyingi zilianza safari yake Brazil, koloni la Ureno, zikiwa na thamani ya reis 6400. Mwishoni mwa karne ya 17 dhahabu iligunduliwa Minas Gerais, ikachimbwa kwa jasho la watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika. Juu ya dhahabu hiyo ilichorwa sura ya Mfalme João wa Tano, pamoja na maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba anatawala kwa neema ya Mungu. Tunaona ni wajibu wa mkusanyaji kukumbuka mambo hayo mawili kwa pamoja, yaani maneno yaliyoandikwa na mikono iliyochimba.

Jina la mfalme kwa Kilatini ni Johannes, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa Kiingereza waliiita sarafu hiyo “joe”. Ikiwa nzima ilikuwa na uzito wa gramu 14.3 hivi, dhahabu ya karati 22. Ilienea katika visiwa vya Karibi na makoloni ya Amerika ya Kaskazini, ambako fedha za Uingereza zilikuwa adimu.

Hapo ndipo wajanja walipopata riziki. Wengine waliikata ukingo, wengine wakaikwangua kwa tupa, na wengine wakazitikisa sarafu nyingi ndani ya mfuko kisha wakakusanya vumbi lililobaki. Kila mmoja alichukua kidogo tu, na hasara ikamwangukia aliyeipokea mwisho, hasa yule asiyekuwa na mizani.

Dawa iliyopatikana ilikuwa neno la mdhamini. Sonara aliipima sarafu. Ikiwa pungufu, aliitoboa, akaijaza dhahabu, na kugonga herufi za jina lake. Tangu hapo heshima yake ilisafiri pamoja na sarafu. Huko Grenada iligongwa herufi G, na Saint Vincent herufi S, karibu na ukingo, ili atakayekata dhahabu akate na herufi, na hila yake ionekane mara moja. Jijini New York sonara Ephraim Brasher, aliyepata kuwa jirani wa George Washington, aligonga EB. Sarafu moja aliyoitengeneza mwenyewe mwaka 1787 iliuzwa mnadani Januari 2021 kwa dola za Marekani milioni 9.36. Bei hiyo isimpumbaze mtu: joe iliyogongwa tu EB ni kitu kingine.

La kusikitisha ni kwamba hata alama ya uaminifu ilighushiwa. Zamani zile zile zilitengenezwa joe za dhahabu hafifu, zikagongwa herufi za udhamini ili zipite sokoni. (Nazo leo zina wakusanyaji wake!) Waghushi wa siku hizi huchukua joe halali isiyo na alama, wakaiongezea herufi, kwa kuwa herufi hupandisha bei.

Basi anayetaka kununua atazame kwa kioo cha kukuzia. Sarafu iliendelea kupita mikononi mwa watu baada ya kugongwa. Herufi yenye makali kama ya jana inastahili kuulizwa maswali. Ageuze upande wa pili: nyuma ya pigo, michoro mara nyingi huwa imebonyea. Uzito peke yake hautoshi kuhukumu, maana kila kisiwa kilikuwa na kipimo chake. Kuipima hewani, kisha ikiwa imezama ndani ya maji, husaidia kujua kama ni dhahabu ya kutosha, bila kuikwaruza. Aulize pia iliuzwa wapi hapo awali, na aombe hati za mnada.

Tena asiisafishe. Uchafu uliotulia ndani ya herufi kwa miaka 200 ni sehemu ya ushahidi, na ukishasuguliwa haurudi.